Kitanda cha Wachinjaji na Simba wa Winterslow: Rekodi za Gesti za Barabarani Uingereza

Ukiuliza ni gesti ipi iliyo kongwe kuliko zote Uingereza, utapata majibu matano, na kila jibu lina mlango wake na kibao chake. Old Ferry Boat, kando ya mto Great Ouse katika kijiji cha Holywell, inadai kuuza pombe tangu mwaka 560. Ye Olde Fighting Cocks ya St Albans inadai 793. Porch House ya Stow-on-the-Wold inasema 947, Bingley Arms ya Bardsey huko Yorkshire inasema 953, na Ye Olde Trip to Jerusalem ya Nottingham, ambayo ni ya mjini ila haikubali kuukosa ugomvi wa namna hii, imejiandikia 1189 ukutani. Tatizo ni kwamba kuta zenyewe ni changa kuliko miaka iliyoandikwa juu yake. Jengo la Fighting Cocks, lenye pembe nane, lilijengwa kwa ajili ya njiwa, wala si kwa wasafiri. Lile la Nottingham ni la karne ya 17. Kitabu cha rekodi cha Guinness kiliwahi kuitambua Fighting Cocks kuwa kongwe kuliko zote, kisha mwaka 2000 kikakifuta kipengele chenyewe. Nauunga mkono uamuzi huo.

Hivyo humu ndani taji halitolewi kwa rangi ya mlango. Napendelea rekodi iliyoacha karatasi nyuma yake: shajara, hukumu ya mahakama, risiti. Hadithi nazo zimo, kwa sababu nyumba ya wasafiri isiyo na hadithi haijawahi kupata msafiri, lakini palipo na hadithi nitasema ni hadithi.

Na tuelewane tunazungumzia nini. Baa ya kijijini ilimpa mkulima bia na kumrudisha kwake. Gesti ya barabarani ilikuwa na wajibu mzito zaidi: impe mgeni chakula, kinywaji na kitanda, na impe farasi wake nyasi na banda. Serikali ya Malkia Elizabeth I ilipozihesabu mwaka 1577 ili izitoze kodi, ilikuta nyumba za pombe zaidi ya 14,000, lakini gesti za aina hii hazikufika 2,500. Zilikuwa nyumba za watu wenye safari na wenye fedha.

KONGWE YENYE USHAHIDI

Kura yangu naipa George ya Norton St Philip, kijiji cha Somerset kusini mwa Bath. Ilijengwa karne ya 14 na watawa wa Hinton, wa shirika la Wakartusi, ambao kanuni yao ni kunyamaza. Watawa wasiozungumza walijenga nyumba ya kelele kwa sababu ya sufu. Walikuwa na kondoo, kondoo walileta maonyesho ya biashara, maonyesho yalileta wafanyabiashara, na wafanyabiashara walihitaji mahali pa kulala mbali na vyumba vya sala. Ghorofa ya chini ni ya mawe. Za juu ni za mbao, zimechomoza kuelekea barabarani, na huko juu ndiko marobota ya sufu yalikowekwa.

Juni 1668 alipita hapo Samuel Pepys, ofisa wa idara ya jeshi la majini, ambaye shajara yake haikumwonea mtu haya, hata yeye mwenyewe. Usiku wa kuamkia siku hiyo, yeye na mkewe na wenzao walifika saa nne usiku kwenye gesti ndogo baada ya kutaabika njiani. Chumba kilikuwa na mchuuzi aliyekwisha kulala. Wakamwamsha, wakamtoa kitandani, wakalala wao. Asubuhi Pepys akaandika kwamba vitanda vilikuwa vizuri ila vina chawa, na kwamba jambo hilo liliwachekesha. Mchuuzi hakuulizwa kama alicheka. Mchana wakafika Norton St Philip, wakazitazama kengele sita za kanisa, wakala vizuri, na gharama ikaandikwa: shilingi 10. George inaamini chakula hicho kilitoka jikoni kwake, na sioni sababu ya kuibishia.

Miaka 17 baadaye nyumba hiyohiyo ililaza jeshi. Duke wa Monmouth, mwana wa nje ya ndoa wa Mfalme Charles II, alikuwa ameasi dhidi ya baba yake mdogo, James II, na tarehe 27 Juni 1685 watu wake walipigana na askari wa mfalme ndani ya vichochoro vya kijiji. Wanakijiji husimulia kwamba Duke alipigwa risasi akiwa dirishani ananyoa ndevu, ikamkosa. Hiyo ni hadithi. Lisilo hadithi ni kwamba alishindwa vitani Sedgemoor siku chache baadaye, akakatwa kichwa London, na wafuasi wake wakanyongwa kijiji baada ya kijiji katika Somerset nzima.

KITANDA KIKUBWA KULIKO VYOTE

Mji mdogo wa Ware, Hertfordshire, ulikuwa mwendo wa siku moja kutoka London, kwa hiyo kila aliyeelekea kaskazini alilala hapo. Ushindani wa gesti ulikuwa mkali. Mmoja wa wenye gesti, yaelekea yule wa White Hart, akabuni tangazo ambalo hadi leo halijapitwa: kitanda cha mwaloni, kilichotengenezwa karibu na mwaka 1590, chenye urefu wa mita 3.38 na upana wa mita 3.26, nguzo zilizochongwa na paa juu yake. Mwaka 1596 Ludwig, mwana wa mtawala wa Anhalt-Köthen huko Ujerumani, aliandika kwamba jozi nne za watu zingeweza kulala humo ubavu kwa ubavu bila kugusana. Miaka michache baadaye Shakespeare akakitaja katika tamthilia ya Twelfth Night bila kueleza ni kitu gani, maana yake watazamaji wa London walikijua tayari. Tangazo gani la hoteli leo linaweza kujivunia hivyo?

Wageni waliolala humo walichonga herufi za majina yao kwenye mbao na kubandika mihuri ya nta nyekundu, na alama hizo bado zinaonekana. Rekodi inayosimuliwa zaidi ni ya 1689, kwamba wachinjaji 26 pamoja na wake zao walilala humo usiku mmoja kwa kuwekeana dau. Nimepiga hesabu. Watu 52 katika kitanda hicho, kila mmoja anapata kipande cha mraba chenye upande wa sentimeta 46. Hiyo inatosha kusimama. Kulala ni habari nyingine, hasa ukiwa mchinjaji.

Kitanda kilihamishwa kutoka gesti moja hadi nyingine, katika karne ya 19 kikauzwa kwenda Rye House kuwa kivutio cha watalii wa siku moja, na mwaka 1931 jumba la makumbusho la Victoria and Albert la London likakinunua kwa pauni 4,000. Mwaka 2012 kilirudi Ware kwa mkopo wa mwaka mmoja. Wenyeji walipanga foleni kukiona kitanda ambacho babu zao walikitumia kuwavuta wageni.

KIBAO CHA BEI MBAYA

Tangu enzi za Mfalme Richard II, mwishoni mwa karne ya 14, muuza pombe alilazimika kuweka alama nje ili mkaguzi wa bia aijue nyumba. Alama hiyo ilitosha kuwa fimbo au picha ya mnyama. John Peck, mfanyabiashara wa Norwich, hakuridhika na fimbo. Mwaka 1655 alijenga gesti ya White Hart katika kijiji cha Scole, Norfolk, kwenye barabara ya kutoka Ipswich kwenda Norwich, na mbele yake akasimamisha lango la mbao lililovuka barabara nzima, limejaa sanamu za miungu ya Kirumi, malaika, simba na ngao za familia kubwa za eneo hilo. Gharama yake ilikuwa pauni 1,057. Kwa wakati ambapo kibarua wa shamba alifanya kazi mwaka mzima bila kufikisha pauni 20, hicho si kibao tena, ni kiburi. Msafiri alipita chini ya miungu kabla hajaulizwa anataka supu gani. Lango liliondolewa karibu na mwaka 1800, lakini nyumba ya matofali mekundu bado imesimama.

Scole nayo ilikuwa na kitanda cha duara, kinachosemekana kubeba jozi 15 hadi 20. Naona John Peck alikuwa amesikia habari za Ware.

Mabango ya kuvuka barabara hayajaisha yote. Magpie, huko Stonham Parva katika kaunti ya Suffolk, bado ina lake juu ya barabara kuu, na katika kijiji cha Barley, Hertfordshire, wawindaji, farasi na mbwa wa Fox and Hounds wanamfukuza mbweha juu ya vichwa vya madereva mwaka mzima.

KASI

Cooper Thornhill alikuwa mwenye gesti ya Bell katika kijiji cha Stilton, kwenye barabara kuu ya kaskazini, na alikuwa na sifa mbili. Ya kwanza ni jibini. Alilinunua kwa wingi kutoka kwa watengenezaji wa Leicestershire na kuliuza kwa abiria waliosimama kubadilisha farasi, nao wakalipeleka London kwa jina la mahali walipolinunulia. Hivyo kijiji kikalipa jina jibini ambalo asili ya umaarufu wake ni kaunta ya gesti. Sheria ya mwaka 1996 inayolinda jina hilo inaruhusu jibini la Stilton litengenezwe katika kaunti tatu tu: Derbyshire, Leicestershire na Nottinghamshire. Kijiji cha Stilton kiko Cambridgeshire. Kwa hiyo ni kosa kutengeneza jibini la Stilton katika Stilton, na katika orodha yangu hakuna rekodi ya kichekesho inayoishinda hiyo.

Sifa ya pili ni farasi. Aprili 1745 Thornhill aliweka dau kwamba angepanda farasi kutoka Stilton hadi London, arudi Stilton, kisha aende tena London, yote kwa saa 15. Ni maili 213, takriban kilomita 340. Alibadilisha farasi njiani, lakini mpanda farasi alikuwa yeye yule. Akamaliza kwa saa 12 na dakika chache, wastani wa karibu kilomita 28 kwa saa, kwenye barabara ambazo wasafiri wengine walilalamika kwamba magurudumu yanazama. Kesho yake alikuwa mtu maarufu kuliko jibini lake.

Wakati huo kasi ilikuwa mchezo wa mtu mmoja mwenye dau. Tarehe 2 Agosti 1784 ikawa kazi ya serikali. John Palmer, mmiliki wa majumba ya maonyesho ya Bath, aliishawishi Posta ijaribu gari la farasi lenye mlinzi mwenye silaha kutoka Bristol hadi London. Likafika kwa saa 16, na ndani ya miaka michache magari ya barua yalienea nchi nzima. Gesti zikabadilika. Kila kilomita 16 hivi farasi wanne waliochoka walifunguliwa na wanne wapya wakafungwa, na watunza farasi waliona fahari kumaliza kabla abiria hajateremka vizuri. Hounslow, kituo cha kwanza kutoka London kuelekea magharibi, ilifikia kuwa na farasi zaidi ya 2,000 kwenye mabanda yake. Abiria wa basi la usiku la Nairobi na Mombasa anayekijua kituo cha Mtito Andei ataielewa Hounslow mara moja: kelele, haraka, chakula cha moto mno kwa dakika ulizopewa, na kondakta anayepiga honi ungali unatafuna. Manung'uniko ya wakati ule ni yayo hayo. Wenye gesti walishukiwa kuchelewesha nyama makusudi ili abiria alipe na kuiacha mezani.

Rekodi ya mwisho ya farasi iliwekwa wakati farasi alikuwa ameshashindwa. Tarehe 13 Julai 1888 James Selby, dereva wa gari lililoitwa Old Times, aliondoka Piccadilly, London, saa nne asubuhi, akafika hoteli ya Old Ship, Brighton, saa saba na dakika 56 mchana, akageuza palepale na kurudi Piccadilly saa kumi na moja na dakika 50 jioni. Saa 7 na dakika 50 kwenda na kurudi, dau pauni 1,000. Kwenye vituo farasi walibadilishwa kwa chini ya dakika moja. Mwezi uliofuata waendesha baiskeli wanne, wakipokezana, wakafanya safari hiyohiyo kwa muda mfupi zaidi, na kabla mwaka haujaisha Selby akafariki.

Reli ndiyo iliyozimaliza gesti za barabarani. Liverpool na Manchester ziliunganishwa 1830, London na Birmingham 1838, London na Bristol 1841. Gesti zilizokuwa na farasi mia moja ziliuza farasi wote katika majira mamoja. Nyingine zikawa nyumba za mashamba, nyingine zikaanguka. Zilizosalia zilisubiri baiskeli, kisha motokaa.

USIKU WA SIMBA

Sasa tufike kwenye rekodi ambayo hakuna gesti nyingine iliyowahi kuitamani. Jioni ya Jumapili tarehe 20 Oktoba 1816, gari la barua kutoka Exeter kwenda London lilikuwa linakaribia gesti ya Winterslow Hut, nyumba ya pekee kwenye nyika ya Salisbury, maili saba hivi kupita mji wa Salisbury. Abiria waliona kitu kinakimbia kando ya farasi. Wakadhani ni ndama. Farasi hawakudhani hivyo. Wakaanza kuruka na kutetemeka kiasi kwamba dereva hakuweza kuwashika, na gari lilipofika mbele ya gesti yule ndama akamrukia farasi wa mbele, akamng'ang'ania kwa kucha shingoni na kifuani.

Alikuwa simba jike. Alikuwa ametoroka kutoka kwenye maonyesho ya wanyama yaliyokuwa yakienda kwenye gulio la Salisbury na kupiga kambi ya usiku jirani. Mlinzi wa barua akainua bunduki yake, na hapo wenye maonyesho wakafika mbio wakipiga kelele asimpige risasi, kwani mnyama huyo alikuwa na thamani kubwa. Wakamwachia mbwa mkubwa. Simba akamwachia farasi, akamgeukia mbwa, akamshinda, kisha akajiingiza chini ya ghala la nafaka lililoinuliwa juu ya mawe. Wenyewe wakamfuata humo gizani kwa magoti, wakamfunga na kumtoa akiwa hai. Msomaji aliyekulia karibu na mbuga ataamua mwenyewe kama watu hao walikuwa mashujaa au wendawazimu.

Abiria je? Walikimbilia ndani ya gesti na kufunga mlango kwa komeo. Kwa haraka yao wakamfungia mwenzao nje. Husimuliwa kwamba simba alimpita karibu, na kwamba akili yake haikurudi tena, akamalizia miaka yake katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Sehemu hii ya mwisho siwezi kuiapia, lakini sijasikia toleo la kisa hiki lisilokuwa nayo.

Farasi aliitwa Pomegranate. Alipona. Mwenye maonyesho, mtu asiyepoteza nafasi, akamnunua na kumwonyesha kwenye gulio pamoja na simba aliyemjeruhi, na watu wakalipa kuwaona wote wawili. Mchoraji James Pollard akalichora tukio, picha zake zikauzwa kwa wingi, na mwaka 1984, Posta ya Uingereza ilipoadhimisha miaka 200 ya magari ya barua, ikalitolea stempu. Barua ikambeba simba safari hii bila kumwogopa.

Na Winterslow Hut haikuishia hapo. Miaka michache tu baada ya simba alikuja kupanga chumba William Hazlitt, mmoja wa waandishi wakubwa wa insha wa Kiingereza, akikimbia London, wadai na ndoa iliyoharibika. Aliandika huko insha nyingi, na baada ya kufa kwake mwanawe akachapisha mkusanyiko alioupa jina la mahali hapo. Nyumba moja ya nyikani, simba mmoja na mwandishi mmoja ndani ya miaka mitano: kama kungekuwa na taji la gesti yenye bahati ya ajabu kuliko zote, ningelipeleka Winterslow leo hii.

YA JUU KULIKO ZOTE, NA MOTO USIOZIMA

Tan Hill Inn iko mita 528 juu ya usawa wa bahari, kaskazini mwa Yorkshire, na ndiyo ya juu kuliko zote Uingereza. Mita 528 si kitu kwa mtu wa milima ya Lushoto, Tanzania, lakini kwa Waingereza huko ni mwisho wa dunia: upepo, kondoo wa Swaledale na ukungu. Iliwekwa pale kwa ajili ya wachimba makaa ya mawe. Makaa yalipokwisha, ikabaki yenyewe juu ya nyika, ikiishi kwa watembeaji wa njia ndefu ya Pennine.

Rekodi yake ya pili haikupangwa. Ijumaa tarehe 26 Novemba 2021 watu walipanda kwenda kusikiliza bendi ya Noasis, inayoiga nyimbo za bendi ya Oasis. Usiku ule dhoruba ya Arwen ikamwaga theluji hadi ikaziba milango na kuangusha nyaya za umeme barabarani. Watu 61, bendi ikiwemo, walikwama usiku tatu. Walilala kwenye makochi na magodoro sakafuni, wakashindana maswali, wakaimba. Jumatatu walipofunguliwa njia, baadhi walikuwa wakiulizana lini watakutana tena. Mwenye shida niliyemhurumia ni mtu asiyeipenda Oasis.

Kusini, kwenye nyika ya Dartmoor, iko Warren House Inn, mita 434, ambayo fahari yake ni moto. Husemwa kwamba moto wa mekoni umewaka bila kuzimika tangu 1845, nyumba ilipojengwa upya ng'ambo ya barabara na makaa ya nyumba ya zamani kuvushwa kwa sepetu. Wateja wa mwanzo walikuwa wachimba bati, watu wanaojua kuheshimu joto.

Kuna kisa cha mahali hapo ambacho nakipenda kuliko moto. Msafiri alilala hapo majira ya baridi kali, na usiku akafungua sanduku kubwa chumbani mwake. Ndani akakuta maiti ya mzee. Asubuhi akiwa mweupe kwa hofu akawauliza wenyeji, nao wakajibu kwa utulivu: ni baba yetu tu. Theluji imefunga njia ya makaburini, kwa hiyo tumemtia chumvi mpaka njia ifunguke.

KWA HARAKA HARAKA

Smith's Arms ya Godmanstone, Dorset, nyumba ya mawe yenye paa la nyasi, ilijiita ndogo kuliko zote Uingereza. Inasimuliwa kwamba Mfalme Charles II alisimama kwa mhunzi wa hapo ili farasi wake apigiliwe viatu, akaomba kinywaji, mhunzi akasema hana leseni, mfalme akampa leseni papo hapo. Leo imefungwa.

Jina refu kuliko yote na jina fupi kuliko yote kwa miaka mingi yalikuwa ya mji mmoja, Stalybridge karibu na Manchester: The Old Thirteenth Cheshire Astley Volunteer Rifleman Corps Inn, na Q.

Iliyopata umaarufu mkubwa kwa kitabu ni Jamaica Inn ya Bolventor, Cornwall, iliyojengwa 1750. Mwandishi Daphne du Maurier alifika hapo mwaka 1930, akapotea na rafiki yake kwenye ukungu wa nyika wakiwa juu ya farasi, na riwaya ikatoka 1936. Mwongozaji Hitchcock akaifanya filamu miaka mitatu baadaye. Jina lenyewe huhusishwa na familia ya Trelawny, wenye ardhi wa huko, ambao wawili wao walikuwa magavana wa Jamaica wakati utajiri wa kisiwa hicho ulitoka mgongoni mwa watumwa. Watalii hupigwa picha zaidi na mabaharia wa bandia.

SHERIA ILIYODUMU

Mwaka 1584 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya Calye. Mgeni alifika gesti, akaagiza farasi wake apelekwe malishoni, farasi akaibwa. Majaji wakasema mwenye gesti hawajibiki, kwa sababu malishoni ni nje ya gesti na mgeni ndiye aliyetaka hivyo. Lakini katika kueleza hayo waliweka wazi kanuni yenyewe: kilichopotea ndani ya nyumba, mwenye nyumba atakilipa. Kanuni hiyo ilikwenda pamoja na ile iliyoitangulia, kwamba mwenye gesti hachagui wageni. Barabara ilikuwa na wanyang'anyi na usiku. Msafiri mwenye fedha na mwenye adabu hakuweza kuachwa nje ya mlango.

Mwaka 1943 Learie Constantine, mchezaji kriketi mashuhuri kutoka Trinidad aliyekuwa akifanya kazi Wizara ya Kazi ya Uingereza, alipanga usiku nne katika Imperial Hotel ya London na mkewe na binti yao. Walipofika wakaambiwa watalala usiku mmoja tu, kwa sababu kuwapo kwao kungewaudhi wageni Wamarekani weupe. Uingereza haikuwa na sheria yoyote dhidi ya ubaguzi wa rangi. Wakili wake akaenda kwenye sheria ya gesti, ile ya farasi na wanyang'anyi, na mwaka 1944 Jaji Birkett akakubali kwamba hoteli ilivunja wajibu wake wa kale wa kumpokea msafiri. Fidia ilikuwa gini tano.

Bunge liliiandika upya sheria hiyo mwaka 1956. Hoteli bado inatakiwa kumpokea msafiri yeyote anayeonekana anaweza kulipa na yuko katika hali ya kupokelewa, na bado inawajibika kwa mali yake, ila sasa kwa kikomo: pauni 50 kwa kitu kimoja na pauni 100 kwa mgeni mmoja, mradi tangazo la kusema hivyo liwe limebandikwa karibu na mapokezi. Farasi hamo kwenye fidia. Yeye na gari vimeondolewa kwa jina.